Fundi Aliyeuliza Gari Linalala Wapi

Ukimpelekea Fundi gari linalomaliza oili, jambo la kwanza atakalokufanyia ni kukuudhi. Sisemi kwa kumsengenya. Mwenyewe anajua, na hana mpango wa kubadilika. Unafika gerejini kwake Morogoro Mjini umechoka, lori linafuka kama tanuri la mkaa, unamwambia, "Shikamoo Fundi, gari langu linakula oili." Anaitikia marahaba, anafuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, halafu anakuuliza, "Umeliona likila?"

Sasa mtu kama huyo utamjibu nini?

"Sijaliona likila, Fundi, lakini kila asubuhi naongeza."

"Basi sema kila asubuhi unaongeza. Hayo ya kula tutayajua baadaye."

Kwake kulikuwa na kula, kuvuja na kutapika, na ole wako uchanganye. Kula ni oili kupenya ndani, kwenye ringi za pistoni au sili za valvu, ikaungua pamoja na dizeli na kutoka moshi wa buluu. Kuvuja ni kudondoka chini, na hata mtoto anaona. Kutapika ni injini kuitema yenyewe kwa kile kimpira chake cha kupumulia. Mafundi wengine wote mjini wanasema "inakula" tu, wanashusha injini chini, na wiki inayofuata unalia. Fundi hakushusha injini ya mtu mpaka amemuuliza maswali ya kumtia wazimu. Nimeshuhudia dereva wa basi, mtu mzima mwenye kitambi, akitoka pale machozi yanamlengalenga kwa sababu aliulizwa mara nne kama moshi unatoka akipanda mlima au akishuka.

"Ukipanda, injini inasukuma," alikuwa akisema. "Ukishuka, inavuta. Oili ya ringi inaonekana ukisukuma. Oili ya valvu inaonekana ukishuka mteremko mrefu kisha ukakanyaga mafuta. Wewe unaniambia 'inatoa moshi'. Hata jiko linatoa moshi."

Nimemjua miaka kumi na minne na sijawahi kupata jibu la moja kwa moja kutoka kwake, hata nikiuliza kama amekula.

Gereji yenyewe ilikuwa mabati manne na sakafu ya saruji. Sakafu hiyo aliimwaga mwenyewe, akaipima kwa pima maji kila kona, na aliipenda kuliko watu. Ukiegesha gari lako tairi moja likiwa nje ya saruji, haligusi. Unalirudisha nyuma, unalisogeza, unalirudisha tena, yeye amekunja mikono anatazama. Ukimaliza anakwambia uzime injini ukae kwenye benchi, oili ishuke. Robo saa. Una mzigo wa ndizi unaiva kwenye jua, yeye anakoroga uji wake. Nilimwambia siku moja, "Fundi, ndizi zangu zinaharibika." Akanijibu, "Ndizi zinaharibika hata kwa watu wasio na gari."

Na usidhani alikuwa mtakatifu. Mtu huyu aliyewafokea watu kwa kufungua kifuniko cha oili bila kukipangusa vumbi, pikipiki yake mwenyewe ilitoa moshi wa buluu mpaka kuku wa mtaani wanakimbia. Nilimuuliza kwa nini haitengenezi. "Naijua inaumwa nini," akasema, kana kwamba hiyo ndiyo tiba. Aliimba besi kanisani, na kwenye kwaya, nasikia, alikuwa mnyenyekevu, anakosolewa na vijana anakubali. Gerejini hakuna aliyewahi kumsikia akisema samahani. Alivunja kioo cha gari la mwalimu mmoja kwa spana iliyomponyoka, akanunua kioo kipya, akakiweka, akamkabidhi ufunguo, na neno lile halikumtoka. Mwalimu alisubiri kidogo, akachoka, akaondoka.

Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: "Injini haisemi uongo. Wenye injini ndio wanaosema." Nilikuwa nikiuchukia hata kabla haujanihusu.

Sasa niseme ulivyonihusu.

Mimi ni mtu wa Matombo, nanunua ndizi na matunda milimani napeleka Dar es Salaam kwa lori langu la tani saba. Lori hilo lilikuwa likiendeshwa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Asiyetujua aelewe jambo moja: sisi Waluguru ukoo ni wa mama. Wanangu niliowazaa ni wa ukoo wa mama yao. Mtu wangu mimi, atakayekaa mbele siku ya kunizika na kushika mashamba ya ukoo nyuma yangu, ni mtoto wa dada. Dada ana huyo mmoja tu wa kiume. Kwa hiyo ninaposema mpwa wangu sisemi dereva.

Lori likaanza kumaliza oili. Kila asubuhi ya safari nilikuwa nachomoa stiki ya kupimia mwenyewe, naipangusa, naizamisha, naichomoa, nakuta oili iko chini ya alama. Naongeza. Safari inayofuata, chini tena. Naongeza tena. Moshi hakuna, tone chini hakuna. Oili inakwenda wapi? Wenye malori wenzangu wakanicheka. "Wewe mzee, huna gari bovu, una dereva mjanja." Neno hilo lilinikaa kifuani. Nikawa namtazama kijana anapokula, nahesabu matonge.

Basi siku moja nilikuwa natoka Dar kwa basi, tukasimama Mikese watu wanunue machungwa. Nikachungulia dirishani, nikaliona lori langu limeegeshwa kando ya barabara, na miguu ya mpwa wangu inatokeza chini ya injini. Nikateremka. Nikainama. Amefungua nati ya chini, anakinga oili kwenye dumu.

Jamani, sikuuliza. Nilipiga kelele, pale pale mbele ya wauza machungwa na abiria wa mabasi mawili. Mwizi! Damu yangu mwenyewe inaniibia! Akatoka chini ya gari, oili mpaka viwikoni, akasema, "Mjomba, ngoja nikueleze." Nikamwambia nyamaza. Akasema, "Mjomba, naomba." Nikamwambia akisema neno lingine nitamwita polisi. Akanyamaza. Jioni ile nikapanda mpaka kwa dada, na kwa kuwa hasira haikuwa imeisha, nikasimama uani kwake nikayarudia yote kwa sauti ileile, na kwetu mlimani sauti haizuiliki, nyumba za juu na za chini zote zilisikia. Nikamnyang'anya ufunguo. Dada alisema jambo moja tu: "Umemsikiliza?" Nikamwambia macho yangu yamesikiliza.

Nikaanza kuendesha lori mwenyewe. Na oili, badala ya kupona, ikazidi kupungua. Sasa na moshi wa buluu ukaja, mzito, wanafunzi njiani wananikimbia. Ndipo nikaenda kwa Fundi, nimejaa hasira mpaka kooni, nikamweleza yote: dereva mwizi, nimemfumania, nimemfukuza, na kabla ya kuondoka bila shaka ameniharibia injini kwa kisasi.

Fundi akafuta mikono. Kidole kimoja kimoja.

"Moshi ulianza lini?"

"Tangu nimfukuze."

"Kwa hiyo mwizi alipoondoka, wizi ukaongezeka."

"Fundi, nimekuja na gari, sikuja na vitendawili."

"Nani anapima oili?"

"Mimi mwenyewe! Kwa mikono yangu, kila asubuhi." Nililisema kwa fahari, nasikitika kusema.

"Gari linalala wapi?"

"Nyumbani kwangu, Matombo."

"Sehemu ya namna gani?"

"Tambarare," nikasema. Na sikudanganya. Pale kwangu panaitwa Tambarare tangu babu zetu. Harusi zinachezewa pale, kahawa ilikuwa ikianikwa pale. Ukiwauliza watu wote wa mlima ule watakwambia sehemu tambarare ni kwa mzee fulani, yaani mimi.

Fundi akainama kuangalia ule mpira wa kupumulia, akaugusa, akanusa kidole. Nilitegemea aseme kitu. Akasema, "Njoo Jumatatu."

Wiki tatu! Wiki tatu alinizungusha mtu yule. Jumatatu akanituma nioshe injini yote chini kwa dizeli na brashi, mimi, na umri wangu. Alhamisi akatandika boksi chini ya injini, lori likalala pale gerejini, asubuhi boksi kavu. "Haivuji," akasema, akakunja boksi kwa uangalifu akaliweka akiba. Wiki ya pili akafungua mpira wa hewa kabla ya turbo, akapitisha kitambaa cheupe ndani, akanionyesha hakina vumbi. "Haivuti mchanga. Ringi zako hazijalika." Akanipandisha mlima na kunishusha, kichwa chake kiko nje ya dirisha anatazama nyuma, mvua inamnyeshea, hajali. Nikamuuliza, "Sasa ni nini?" Akasema, "Sijui bado." Kumbuka hilo la sijui bado, maana nitalirudia nikiwa na hasira zaidi.

Nilimwambia nitampelekea mtu mwingine ashushe injini tuyamalize. Akasema, "Peleka. Atakupa injini mpya utaitapisha na hiyo." Hata neno hilo la kutapisha lilipomtoka sikulisikia.

Mwisho wa wiki ya tatu, asubuhi saa moja, nikasikia pikipiki ile ya aibu inapanda kwetu. Alinikuta uwanjani, pua ya lori inatazama mlimani kama kawaida, stiki mkononi, keni ya oili miguuni. Hakunisalimia. Alitoa chungwa mfukoni, akachuchumaa, akaliweka chini kando ya tairi la mbele.

Chungwa likaondoka. Likapita tairi la nyuma, likapita banda la mbuzi, likashika kasi, likadondokea shambani kwa jirani.

Nilisimama pale nimeshika stiki. Miaka hamsini na sita nimekanyaga pale. Nimeanikia pale, nimechezea pale ngoma ya harusi yangu mwenyewe. Kwetu ni tambarare kwa sababu kwingine ni ukuta.

Hakuniacha nipumue. Tukalishusha lori mpaka uwanja wa kanisa, ambao wamisionari waliuchimba mpaka ukalingana kweli. Tukangoja robo saa. Tukapima. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa vidole viwili vizima. Kwangu oili ilikuwa inakimbilia nyuma ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, stiki iko mbele, inaambulia patupu, na mimi naongeza. Injini ikijaa kupita kiasi inaipiga oili kama mtu anavyopiga mayai, povu linapanda, nyingine inaitapika kwenye mpira, nyingine inaiunguza. Kesho yake nakuta imepungua kwa macho yangu, naongeza tena.

"Hakuna aliyekula oili yako," Fundi akasema. "Ulikuwa unailisha kwa nguvu."

Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo nikilala linaniamsha. "Lile dumu la Mikese. Oili iliyokuwamo ilikuwa ya njano au nyeusi?"

Nyeusi. Ilikuwa oili chafu, nyeusi tii, ile ambayo watu wanapaka nguzo za uzio zisiliwe na mchwa. Na keni ya oili mpya, imejaa, ilikuwa imelala ndani nyuma ya kiti cha dereva.

"Mwizi gani huyo," akasema, "anaacha mpya anaiba chafu?"

Mpwa wangu alikuwa akipima Mikese, kwenye usawa, anakuta mjomba wake amejaza kupita kiasi, anapunguza. Miezi yote ile alikuwa akiiokoa injini yangu kimyakimya, kwa sababu nani atamwambia mjomba wake kwamba hajui kupima oili?

Nililiacha lori pale kanisani nikaenda kwa dada kwa miguu. Kijana hakuwepo. Alikuwa ameondoka siku tatu kabla, amepata lori la tajiri mmoja, anaendesha njia ya Tunduma na kuvuka mpaka. Alikaa kwa mama yake wiki zote zile, dada akaniambia akiwa amenipa mgongo, akingoja kama nitakuja. Nikasema, "Mwambie arudi kazini." Dada akaingia ndani.

Nikatuma watu mara mbili na ujumbe uleule: arudi kazini, gari lipo. Hakurudi. Alibadilisha namba ya simu, nami sikupewa. Kwenye msiba wa shangazi yetu dada alipakulia watu wote chakula, mimi nikapakuliwa na jirani. Kila mtu aliona. Miaka miwili ikapita hivyo.

Mwezi uliopita nilipita Mikese nikamtembelea Fundi. Gereji ameifunga, magoti yamemshinda, anakaa kwa binti yake karibu na barabara kuu. Nilimkuta uani, anasikiliza malori yanayopita na kuyatukana. Nikampa mkungu wa ndizi. Tukaongea habari za afya, yeye hajibu, ananiuliza. Kisha bila kuulizwa akasema:

"Nilijua siku ya kwanza."

"Ulijua nini?"

"Uliposema Matombo, ukasema tambarare. Nimepanda Matombo mara nyingi. Hakuna."

"Siku ya kwanza? Ukanioshesha injini? Ukaniambia hujui bado?"

"Uliniudhi," akasema. "Ulikuja unafoka, kila mtu mwizi isipokuwa wewe. Nikasema acha azunguke kidogo, hasira ishuke kama oili. Sikujua kijana anangoja."

Mungu wangu, nilitaka kuuchukua ule mkungu nimpige nao. Wiki tatu! Angesema siku ile, ningemkuta mpwa wangu kwa mama yake. Nilimwambia hivyo, na mengine ambayo siwezi kuyaandika, na binti yake akatoka jikoni kuona kuna nini. Fundi akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kisha akauliza, kwa sababu lazima aulize:

"Na dada yako ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kijana arudi kazini."

"Ulimwambia kwamba ulikosea?"

"Si anajua?"

Fundi alishika fimbo, akaanza kunyanyuka, uso umemkunjamana kwa maumivu. "Niingize kwenye gari," akasema. Nikamuuliza twende wapi. Akasema kama sijui, basi na nizunguke tena.

Tulipanda Matombo, njia nzima analalamikia gia ninazobadilisha. Tulimkuta dada uani, anapepeta maharage. Fundi hakungoja kigoda. Alisimama ameegemea fimbo, akasema, "Mama, mimi nilijua kwamba mwanao si mwizi, nikanyamaza wiki tatu kwa kiburi changu. Samahani." Alilisema lile neno vibaya, kama mtu anayetamka jina la mji wa mbali, lakini alilisema.

Dada akaweka ungo chini. Akanitazama mimi, mara ya kwanza baada ya miaka miwili.

"Dada," nikasema, "mtoto hakuniibia. Nilimsingizia. Nimewakosea, yeye na wewe."

"Siku ile hukusema hivyo," akasema. "Siku ile ulisimama pale, kwenye jiwe lile, na hakuna aliyebaki ndani."

Nilielewa anachotaka. Miguu haikutaka, nikaisukuma. Nikapanda juu ya jiwe, na umri wangu, na watu wanaojua jina langu juu na chini, nikasema kwa sauti kwamba mpwa wangu si mwizi, mwenye kosa ni mimi. Mlango mmoja ukafunguka kule juu. Mwanamke mmoja akasimama na ndoo yake. Nikageuka kuteremka.

"Wa kule chini hawajasikia," Fundi akasema.

Nikamtazama kwa chuki yote niliyokuwa nayo. Nikageukia bondeni, nikavuta pumzi, nikasema tena.